Kisiki Uwani, Pikapu Getini: Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Safari hii barua karibu zote zimegusa jambo moja: mti umeshaanguka, kisiki kimebaki, na mwenye nyumba anaitazama pikapu ya jirani kwa matumaini. Tumezijibu zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Pikapu imevuta mara tatu, kamba imekatika

*Habari za kazi, wataalamu. Niko Likombe, Mtwara. Uwani kwangu kuna kisiki cha mkorosho chenye upana wa sentimita 45 hivi, na waliokata waliacha sentimita 20 tu juu ya ardhi. Nataka kujenga jiko na vyumba viwili vya nje mahali hapo. Nilichimba kidogo pembeni, nikafunga kamba ya nailoni kwenye bampa la pikapu, ile ya kawaida inayosukuma tairi za nyuma tu. Tukavuta mara tatu kwa kuanzia mbali. Mara ya tatu kamba ikakatika na bampa likapinda. Kisiki hakijatikisika. Nitafute gari kubwa zaidi?*

Pole kwa bampa, ndugu, ila shukuru kilichopinda ni bati. Gari kubwa si dawa. Kilichokushinda ni mizizi, na mizizi haivutwi, inakatwa. Kazi ya kung'oa hufanywa na shoka na sururu. Pikapu inakuja mwisho, kukitoa shimoni kitu ambacho tayari kimeachia.

Piga hesabu uone. Pikapu tupu ya kilo 1,600 hulaza kiasi cha kilo 700 kwenye ekseli ya nyuma. Tairi halivuti zaidi ya linavyoshika ardhi, na juu ya mchanga mkavu hushika kama theluthi moja ya uzito uliolielemea. Unabaki na kilo 230 hivi, yaani wanaume watano au sita walioshika kamba. Mkorosho hutandaza mizizi ya pembeni kupita kivuli cha matawi yake, na katikati upo mzizi mkuu unaoshuka wima. Hao wanaume sita hawaung'oi.

Ndiyo maana watu hukimbilia kuanzia mbali, kamba ikiwa imelegea, ili gari lije na kishindo. Hapo hesabu inageuka kuwa ya hatari. Gari hilohilo likienda kilomita 10 tu kwa saa, kisha mnyororo ukalisimamisha ndani ya sentimita 10, nguvu inayopita mnyororoni ni karibu tani 6. Kitakachoachia ni kilicho dhaifu kuliko vyote, na mara nyingi si kisiki. Ni bampa, ni pini, ni jino la difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Nailoni nayo hurefuka kabla ya kukatika, kisha hurudi kama mpira wa manati na chochote kilichofungwa mwisho wake. Kioo cha nyuma cha pikapu hakizuii chuma kinachoruka.

Sasa anza upya. Chimba mfereji kukizunguka kisiki, ukingo wake wa ndani ukiwa sentimita 60 kutoka kwenye shina, kina sentimita 50 hadi 60. Upana uwe wa kutosha kurushia shoka. Mfereji mwembamba utakuchosha bure kwa sababu kila pigo litagonga ukuta wa udongo. Kila mzizi unaoufikia, uoshe kwa maji na brashi kuukuu kabla ya kuukata. Mchanga uliogandia kwenye gome humaliza makali ya shoka kuliko mti wenyewe. Msumeno wa mnyororo usiushushe humo kabisa: meno yakigusa mchanga kwa sekunde chache, yamekwisha.

Kila mzizi mnene ukate mara mbili, karibu na shina na kwenye ukingo wa nje wa mfereji, utoe kipande cha sentimita 30 au zaidi. Watu wengi hukata mara moja tu. Kisiki kinapoanza kuinama, ncha mbili za mzizi uliokatwa mara moja hukutana na kuegemeana, kisiki kinakwama tena, na mtu anadhani bado kuna mzizi uliofichika. Vaa nguo ya mikono mirefu na glovu, maana utomvu wa mkorosho huwasha ngozi za watu wengi.

Mizizi ya pembeni ikiisha, fukua chini ya shina kwa upande ulio mbali na gari litakakosimama, mpaka uuone mzizi mkuu. Ukate kwa shoka au kwa ncha bapa ya mtaimbo kadiri unavyoufikia. Kisha panda juu ya kisiki, kitikise kwa uzito wako. Kikicheza hata kidogo, gari lina kazi. Kisipocheza, rudi mferejini. Kuna mzizi umeuruka.

Kwa kuwa kisiki chako kilikatwa chini, huna wenzo wa kukiinamisha, kwa hiyo itabidi ukiinue. Tafuta ringi kuukuu ya chuma ya inchi 15 au 16, bila tairi. Za alumini hupasuka. Isimamishe ikikigusa kisiki upande wa gari, kama gurudumu linalotaka kubingiria kuelekea kwenye gari. Chini yake weka ubao mnene, la sivyo itazama mchangani. Mnyororo uzungushe chini kabisa ya shina, upitishe juu ya ringi ukae kwenye mfereji wake, ndipo uende garini. Gari likivuta mbele, ringi huugeuza mvuto kuwa wa kwenda juu. Ringi iegemezwe kwa matofali hadi mnyororo ukaze. Asiwepo mtu wa kuishikilia kwa mkono.

Mnyororo wenyewe usiwe wa geti wala wa kufungia pikipiki. Nunua wa kunyanyulia mizigo, daraja la 8, ambao baadhi ya pingili zake zimegongwa alama ya 8 au 80. Wa milimita 8 una kiwango cha kazi cha tani 2, wa milimita 10 tani 3.15. Usiufunge fundo, unganisha kwa pingu ya chuma yenye pini ya kuzungusha. Kwenye gari, shika chasisi: ndoano ya kuvutia iliyofungwa na kiwanda, au kamba fupi pana inayogawa mzigo kwenye mihimili yote miwili ya chasisi. Bampa hapana. Springi na ekseli hapana. Kile kichwa cha mviringo cha kufungia tela nacho hapana: kikikatika shingo, kinaruka kama risasi.

Mpe gari uzito. Viroba 10 vya mchanga vya kilo 50, vikikaa juu ya ekseli ya nyuma na kufungwa visihame, vitakupandisha kutoka kilo 230 hadi karibu 400 za mvuto. Punguza upepo wa tairi za nyuma hadi PSI 18 au 20, na umwage ndoo tano sita za maji kwenye njia ya tairi, maana mchanga wenye unyevu hushika kuliko mkavu. Tandika turubai zito au gunia lililolowa katikati ya mnyororo, ili ukikatika uanguke chini badala ya kuruka.

Gia namba moja. Sogea taratibu hadi mnyororo ukaze kabisa, achia klachi yote, ndipo uongeze mafuta kidogo kidogo. Kuvuta huku umeishikilia klachi nusu ndiko kunakoleta ile harufu ya kuungua, na klachi mpya ni ghali kuliko vibarua wawili wa siku nzima. Tairi likizunguka mara moja bila gari kusogea, acha. Ukiendelea, unajichimbia kaburi la ekseli na sasa una vitu viwili vya kung'oa. Na usivute kwa rivasi eti uone vizuri. Meno ya difu hubeba mzigo huo kwa upande wao dhaifu.

Kisiki kikiinama na kukwama, kuna mzizi wa chini bado. Kiwekee gogo la kukizuia, legeza mnyororo kabisa, ndipo mtu aingie shimoni kukata. Mnyororo ukiwa umekaza, shimoni haingii mtu, hata kwa dakika moja, hata kama "mzizi wenyewe ni mmoja tu".

Udongo wa kichanga wa huku ni rahisi kuchimba. Watu wawili wanaojua kazi, kisiki cha ukubwa wako, ni nusu siku hadi siku moja.

Mwembe bado umesimama

*Niko Masasi. Nina mwembe mzee karibu na choo, nimeshakubaliana na fundi wa msumeno aje aukate. Nimwambie aukate usawa gani ili kisiki kisinisumbue?*

Umewahi kuuliza, na wengine wangeuliza hivi wangejipunguzia nusu ya kazi. Mwambie aache mita 1.2 hadi 1.5. Ukivuta kwenye urefu wa mita 1.2, kisiki kinang'oka kama msumari unaong'olewa kwa nyuma ya nyundo. Nguvu ileile ikifungwa sentimita 20 kutoka ardhini, uwezo wa kukipindua ni sehemu moja ya sita tu. Chonga mkato wa kina cha sentimita 3 hadi 5 upande wa nyuma, mnyororo usiteleze.

Kufunga juu kuna masharti yake. Mnyororo ukiwa mfupi, unapanda kwa mwinuko mkali na kuinyanyua nyuma ya gari, tairi linakosa kushika. Tumia mita 10 au zaidi ili ulale. Na kwenye gari lenyewe ufungwe chini, usawa wa chasisi. Ukifungwa juu ya bodi, ni mbele ya gari itakayonyanyuka; trekta nyingi zimepinduka kinyumenyume na kuwaua madereva wake kwa kosa hilo.

Mzizi mkuu wa mwembe hushuka mita kadhaa, kwa hiyo usitamani kuutoa wote. Ukate kwenye kina cha sentimita 80 hivi, unaobaki uuache huko.

Ikiwa nguvu ya gari haitoshi, tumia kapi, ambayo mabaharia huiita roda. Kapi inafungwa kwenye kisiki, ncha moja ya waya inafungwa kwenye mti hai ulio imara, ncha nyingine inavutwa na gari. Kisiki kinapata nguvu mara mbili, na gari linatembea mita mbili kwa kila mita moja ya kisiki. Huo mti wa kuegemea ushikwe chini kabisa ya shina, magunia yakikinga gome. Usiegemee nguzo ya TANESCO wala ukuta wa jirani. Na asisimame mtu ndani ya pembe inayofanywa na waya.

Ungetuuliza chombo tunachokipenda, tungesema cheni bloku, ile mashine ya mkono ya kunyanyulia mizigo kwa mnyororo, ya tani 2 ya kukodi gereji. Haina papara, haitelezi, na mtu mmoja anaweza kuvuta nayo kuliko pikapu ya hesabu zetu za mwanzo. Watu wanaidharau kwa sababu haitoi mngurumo.

Mwarobaini juu ya matumbawe

*Nyumba yetu iko Mikindani. Mwarobaini umekatwa mara mbili na unachipua tena, uko mita moja na nusu kutoka ukutani na bomba la maji linapita karibu. Je, pikapu inafaa?*

Hapana, dada, hapa iache pikapu. Karibu na bahari Mikindani unachimba kidogo tu unakutana na jiwe la matumbawe, na mizizi hujipenyeza kwenye nyufa zake. Ukivuta, kitakachong'oka ni mzizi pamoja na bonge la jiwe, na mita moja na nusu si umbali wa kufanyia majaribio na msingi wa nyumba. Mizizi hupenda pia kufuata mabomba na kuyakumbatia. Ukiivuta, bomba linakuja nalo.

Pata mtu wa MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, akuonyeshe bomba linapita wapi hasa. Mitaa iliyounganishwa gesi asilia ya majumbani izingatie hili zaidi: kabla ya sururu kugusa ardhi, TPDC, shirika la mafuta na gesi la taifa, waonyeshe njia ya bomba lao. Kisha fukua kwa mkono, vunja jiwe kwa mtaimbo na tindo, kata mzizi mmoja mmoja. Mwarobaini huchipua kutoka kwenye kisiki na hata kwenye mizizi, kwa hiyo kila chipukizi ling'olewe likiwa bado na urefu wa kidole, mfululizo, bila kulipa nafasi ya kutengeneza chakula. Kisiki kinachonyimwa majani huishiwa akiba yake na kufa. Inachukua miezi, mara nyingine zaidi ya mwaka.

Visiki vya minazi

*Mitwero, Lindi. Nina visiki saba vya minazi iliyokufa. Vinaoza vyenyewe, niviache?*

Usiviache, mzee wetu. Shikamoo kwanza. Mnazi unaooza ndio chumba cha kuzalia chonga, yule dudu mweusi mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi mzima. Ukichimba kisiki kilicholainika, tazama kama kuna funza wanene weupe waliojikunja. Hao ndio watoto wake, na kuku huwafurahia sana.

Habari njema ni kwamba mnazi hauna mzizi mkuu. Una mizizi mingi mno ya unene wa kidole, yote ikitoka kwenye bonge moja la chini ya shina. Chimba mfereji sentimita 40 kutoka kwenye shina, kina cha mkono, ukate mizizi hiyo kwa panga zito au ncha ya mtaimbo. Hapa pikapu inafaa kuliko kwa mti mwingine wowote, na kwa kisiki chenye mita moja hivi juu ya ardhi, mvuto mmoja wa taratibu hutosha mara nyingi. Kisiki kilichooza mnyororo hukipasua na kubaki na nyuzi mkononi. Hicho kichimbe tu kwa beleshi. Kisha vyote vichomwe au vikatwe vipande vidogo vikauke juani. Kuvirundika kando ya shamba ni kumhamishia chonga nyumba.

Chumvi, mafuta ya taa na moto

*Nimesikia ukitoboa kisiki na kujaza chumvi kinaoza haraka. Wengine wanasema mafuta ya taa. Mimi niko Newala, maji ni ya shida, kuchimba na kuosha mizizi siwezi.*

Chumvi huua mti ulio hai. Haiharakishi kuoza kwake. Tena inakaa ardhini, na ukijenga hapo, inaingia kwenye zege na kula nondo. Ukiwa na mpango wa kujenga, usiisogeze.

Mafuta ya taa yaliyomiminwa juu huwaka yenyewe yakaisha, kisiki kikabaki cheusi juu na kizima ndani. Kinachofanya kazi ni mkaa. Acha kisiki kikauke msimu mzima wa kiangazi, fukua kukizunguka sentimita 30 ili hewa ipite, toboa matundu mapana ya kina kirefu, kisha kizungushie debe moja la mkaa uliokwisha kushika moto na ulifunike kwa bati kuukuu lenye matundu. Kitaungua polepole siku moja hadi tatu. Shida ni mizizi: moto unaweza kuifuata chini ya ardhi na kutokea mahali pengine baada ya siku. Kwa hiyo mita 10 kutoka kwenye paa la makuti au banda la nyasi ndiyo chini kabisa, upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu usiwashe, na usilale bila kumwaga maji na kugeuza majivu. Kwa Newala ambako maji ni ya kununua, weka angalau madumu manne pembeni kabla ya kuwasha.

Na mzizi usipoweza kuuosha, ukwangue kwa panga butu. Inatosha.

Shimo limebaki

*Kisiki kimetoka, limebaki shimo la mita moja. Naweza kurudishia udongo nikajenga juu yake? Niko Ufukoni, Mtwara.*

Ukirudishia kwa beleshi na kukanyaga kwa miguu, hapana. Toa kwanza vipande vyote vya mizizi unavyoviona, kwa sababu viwili: vikioza huacha uwazi, na mchwa huvifuata, kisha wakiishiwa hupanda kwenye fremu za milango yako. Rudishia kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji kidogo na kushindiliwa kwa kigongo kizito mpaka kirudi kikidunda. Udongo wa juu wenye majani na samadi uweke kando kwa bustani. Shimoni uingie mchanga safi au kifusi cha matumbawe.

Kama msingi unapita juu ya shimo lenyewe, usitegemee kujaza. Chimba hadi ufike ardhi ambayo haijaguswa na uanzie zege hapo, au mwambie fundi aweke mkanda wa nondo unaovuka shimo na kuegemea nusu mita ya ardhi imara kila upande. Ikiwa ni sakafu tu ya uwani, jaza sasa hivi kabla ya mvua za Desemba, acha kichuguu cha sentimita 10 juu ya usawa wa ardhi, na usimwage sakafu mpaka mvua zipite Mei. Palipobonyea, ongeza tabaka nyingine na ushindilie tena kabla ya kumwaga.